Kigae cha Moto

Maabara ya hospitali, Newala, mwezi wa saba.
Baridi ya mlimani imepenya hadi kwenye soksi.
Nimechukua choo cha mtoto wa Nambunga,
tone moja, maji ya chumvi kidogo,
nikafumba jicho la kushoto.

Wapo.
Hawana macho, hawana pua, hawana kichwa cha kuumwa,
na bado wanajua utamu uko upande gani.

Mmoja ananyoosha, kidogo tu,
kisha anagaagaa, anapoteza njia kwa makusudi,
anashika kwingine. Akionja kwamba hapa ni afadhali ya pale,
anachelewa kugaagaa. Akili yake imeishia hapo.
Nimewahi kuishi na mwanamume asiyefika hapo.
Mgaagaa na upwa hali wali mkavu:
huyu upwa wake ni tone.

Kwenye ngozi yake imesimama protini,
nusu nje, nusu ndani,
kama jirani kizingitini: uso barabarani,
kisogo kikisikiliza sufuria.
Haisemi. Inajipinda.
Huko ndani, ya pili inausikia ule mpindo,
inajibandika fosfati, punje moja,
inamkabidhi wa tatu, naye anakimbia nayo mkiani.
Mkia unageuka.

Nilikuwa na miaka saba, Kitangari,
natumwa kupalia moto kwa kina Chilumba.
Kigae cha mtungi kiganjani,
majivu chini, yasiniunguze,
kaa moja jekundu juu.
Mbio, lakini si mbio sana:
upepo ukizidi linajila lenyewe,
ukikawia linazima.
Mama hakuuliza limetoka jiko gani.
Aliinjika uji.

(Ipo na protini ya kuzima.
Bila hiyo mkia ungegeuka siku nzima
kwa habari ya asubuhi.
Sisi hiyo hatukupewa.
Mimi nina neno la mwaka juzi, bado linawaka.)

“Sista, vipi?”
Nambunga yuko dirishani, mtoto mgongoni,
kitenge kimelowa upande mmoja.
Naandika: wengi, wanakwenda kasi.
Natia sahihi. Nampa.

Anaishika karatasi kwa vidole viwili, kama inaunguza,
anashuka kibarazani kuelekea kwa daktari,
mbio,
lakini si mbio sana.