Karibu na Mlango

Kabla ya drams palikuwa na mizinga.
Babu Lugendo alichonga magogo ya mninga kule Sikonge,
akayalaza nyuma ya nyumba, matupu, yangoje nyuki,
na baba, mtoto wa miaka saba, hakuyaacha yangoje.
Ta-ti-ta. Ta.
Akachapwa. Akarudia. Akachapwa.
"Nyuki hawahamii nyumba yenye kelele," babu alisema,
na kweli mwaka ule asali ilikuwa haba.

Tabora mjini aliingia na kaptura moja na fito mbili.
Isevya Stars walikuwa na mpiga drams mlevi;
Jumamosi moja mlevi hakuamka,
na Bwana Hilali, mwenye bendi na mwenye duka la baiskeli,
akasimama ukumbini akauliza:
nani humu ana mikono?

Sitaki kumpamba.
Nyumbani alikuwa mpole kwa sababu hakuwepo.
Mama alijua kama ni Urambo, Kaliua au Nzega
kwa rangi ya vumbi kwenye kola.
Ngozi ya besi ilipopasuka Nzega katikati ya rumba
alipiga sanduku la gitaa mpaka alfajiri,
na watu wakasema huo ndio mtindo mpya.

Kisha Dar, kurekodi.
Drams zilisafiri behewa la mizigo, chini ya magunia ya karanga.
Kipaza sauti kilikuwa kimoja.
Fundi akapanga: mwimbaji hapa, magitaa hapa, tarumbeta nyuma yao,
na wewe mwenye kelele, kule,
karibu na mlango.
Ndiyo maana kwenye sahani ile
baba anasikika kama mtu anayepiga hodi
kwenye nyumba yenye sherehe.

Mtangazaji alitaja majina sita.
Walikwenda watu saba.

Hilali alipofilisika, vyombo viliuzwa pamoja na baiskeli.
Baba akapima tumbaku ya chama cha ushirika
miaka kumi na tisa, robota baada ya robota,
akigonga mzani kwa kucha.
Wakulima walidhani anawaibia kilo.

Uzeeni sikio la kushoto likafa, la upande wa matasa.
Jioni moja, Cheyo, redio ya jirani ikaupiga wimbo wao.
Watu wakasifu: sauti hiyo! Gitaa hilo!
Baba alikuwa anamenya karanga. Akanivuta shati.
"Usisikilize mbele," akasema.
"Sikiliza mlangoni."

Tulimzika Agosti, ardhi ngumu, majembe mawili yakavunjika mpini.

Jana wimbo ule umenifikia kwenye simu.
Nilikuwa jikoni, nachambua choroko.
Beti ya pili ikapita, magitaa yakanyamaza kidogo,
na kule mbali, nyuma ya wote:
ta-ti-ta. Ta.
Nikasema "Karibu!" kwa sauti, bila kufikiri.

Mwanangu akainuka, akaenda kufungua.