Unga wa Chumvi

*Tuzla, majira ya baridi, baada ya kutiwa saini*

Vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi,
maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, kwa mkono.
Udongo wa mfinyanzi hatuna. Rangi tunazo nne,
na nyeusi ndiyo huisha kwanza.
Mimi Mevlida, karani wa zamani wa kiwanda cha chumvi,
niliyezoea kuhesabu magunia,
sasa nahesabu watoto: kumi na wanane
katika ukumbi wa mazoezi wenye madirisha ya nailoni.

Daktari Hasnija alinifunza sheria za meza.
Usiulize, "Ni nini hiki?"
Usinyooshe kilichopinda.
Akivunja, mwache avunje, unga upo.
"Na chumvi," akasema, "itie kwenye unga tu,
usiitie kwenye maneno."

Zulejha hufinyanga ng'ombe wasio na miguu,
kwa sababu, asema, hawa hawatakimbia.
Ferid ana nyumba. Kila siku huiezeka,
na kila siku saa nne, kabla ya chai, huling'oa paa
mwenyewe, taratibu, kama mtu anayevua kofia msibani.
Wanacheka pia. Mjue hilo. Jumatatu walirushiana unga
mpaka mlinzi akadhani theluji imeingia ndani.

Mzee husemwa amekula chumvi nyingi.
Basi Sabit, wa miaka tisa, alikuwa amekula gunia.
Hakuwa ametamka neno tangu Julai.
Alifinyanga kitu kimoja tu: duara bapa,
matundu manne katikati.
Siku ya kwanza moja, siku ya pili sita,
wiki ya tatu trei nzima.
Nilidhani ni pua za nguruwe. Nilidhani ni soketi za umeme,
au nyuso zenye macho manne,
kwa vile mawili hayakutosha kuyaona yale.
Nikauma ulimi, nikakausha trei juu ya jiko la kuni.

Zulejha ndiye aliyesema,
bila kuinua kichwa kutoka kwa ng'ombe wake:
"Vifungo hivyo. Vya koti."

Kifungo.
Neno likanikaa kooni,
upande wake wa pili umegeukia juu:
kifungo cha miaka mingapi, mwanangu,
na nani alikuhukumu?

Alhamisi tukapaka rangi. Nikajisahau,
nikachovya brashi kwenye nyeusi, nikaanza na kimoja.
Mkono wake ukanidaka.
"Si cheusi," alisema. "Kahawia."
Sauti kavu, kama mlango wa ghala
uliofungwa msimu mzima.

Sikupiga kelele. Sikumwita daktari.
Nilichanganya nyekundu na kijani, nikamwonyesha.
Akakataa kwa kichwa. Nikaongeza njano.
Akakataa. Tulichanganya hadi umeme ukakatika,
na kwa mwanga wa jiko akatoa mfukoni
kifungo cha kweli, uzi ukining'inia bado,
kama kilichonyofolewa na mkono mdogo
uliogoma kuliachia koti
la mtu aliyeambiwa apitie msituni.
Hayo ya koti nayabuni mimi. Yeye hakusema.
Alikilinganisha na rangi, akakirudisha mfukoni.

Miaka ile tulizoea kusema maji yamezidi unga,
na kweli yalizidi, yalibeba watu.
Lakini anayekanda hayalilii maji.
Huongeza unga, kiganja, kiganja kingine,
mikono ikimnata, mgongo ukimuuma.

Jana Sabit amefinyanga kitu kipya,
kirefu, chembamba, tundu moja kwenye ncha.
Ferid anasema nyoka. Zulejha anasema sindano.
Mimi sikuuliza.
Kilipasuka jikoni. Akaniletea vipande viwili,
akavishika hewani, ncha kwa ncha,
akasema,
"Maji."

Nikamimina. Kidogo kidogo.