Mgongo wa Nane

Alasiri Rungwe ulikuwepo. Tulipoinua macho tena, haupo.
Upepo ukaja ukigeuza majani ya viazi upande wake mweupe,
shamba zima kama kuku anayepulizwa manyoya.
"Anua," Tusekile akasema, nikaanua
blanketi, shati, na sare ya Atuganile
iliyokataa kukauka tangu Jumapili.
(Kikondo nguo hukauka ikipenda.)

Kisha mawe.

Mtu anamwaga kokoto juu ya bati,
gunia baada ya gunia, la lumbesa, lenye kilemba,
kama yale wanayotupimia wanunuzi wa Isyonje.
Tukazungumza kwa mikono: sufuria pale, ndoo pale,
beseni juu ya kitanda.
Mtoto akaokota jiwe moja mlangoni, akalilamba, akacheka:
"Baba, lina ladha ya bati!"
Nami, Mungu anisamehe, nikapiga hesabu:
hilo moja, majani mangapi?

Daftari tulilisahau.

Ni lake la hesabu, la darasa la tatu.
Mbele kuna sita mara saba na vema nyekundu za mwalimu.
Nyuma kuna sisi:
mbolea mifuko miwili, nusu imelipwa;
dawa ya ukungu; kibarua cha Ambakisye, siku nne;
kikoba, Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi;
na duka la Mwalyego, kwa wino wa bluu, 80,000.
Matone yalilikuta kwenye rafu, yakalisoma lote
taratibu, kama mtu mzima anayejifunza herufi.

Asubuhi tukalifungua jikoni, ukurasa kwa ukurasa, juu ya moshi.
Vema za mwalimu zilikuwa zimevimba.
Na kwa Mwalyego, ile nane
ilikuwa imepoteza mgongo wake wa kushoto.
Imebaki tatu. Tatu safi, isiyo na wasiwasi,
hata mkaguzi angeipigia muhuri.

Nikanyamaza. Habari zilishapanda mlima kabla ya jua:
bati za duka zimeokotwa kwenye mikaratusi ya kanisa,
vitabu vyake vya madeni vimekuwa uji.
Elfu hamsini. Nilizitafuna bila kuzitamka.
Elfu hamsini ni viatu, ni ada ya mtihani,
ni kulala usiku mzima kwa ubavu mmoja.
Mvua imechukua, nikawaza, na mvua inarudisha;
nani kamtuma mtu kuingilia kati?

Tusekile aliutazama ukurasa, kisha akanitazama mimi
muda wa kutosha kumenya kiazi.
Akaomba kalamu kwa mtoto.
Akaziba tundu la juu, akaziba tundu la chini,
wino mweusi, kwa hiyo panaonekana hadi leo
mahali maji yalipoishia na yeye akaanzia.
"Sukari ya matanga ya mama," alisema, "ilitoka wapi?"
Akachukua jembe.

Shambani mashina yamebaki njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa.
Nikapiga jembe la kwanza kwa woga,
kama ninayemfunua mgonjwa blanketi.
Viazi vipo. Vidogo, yai la tetea,
ngozi inachubuka ukiigusa kwa kidole.
"Wa lumbesa hawatavitaka."
"Vya mbegu," akasema. Halafu, akiwa amenipa mgongo: "Labda."

Mchana nikashuka dukani kusaidia kurudisha bati.
Mwalyego alikuwa chini, ameshika ngazi,
ndala moja mguuni, nyingine hajaiona tangu jana.
"Hivi wewe," akaniita, "kwangu una makumi mangapi?
Mwenzio sina tena pa kusoma."

Mdomoni nilikuwa na misumari.
Mkono mmoja ulikuwa na nafasi;
kwa tatu, ungetosha.

Ilinibidi niliachie bati
ili vidole vitimie.