Mia Saba, Alihesabu Mara Mbili

Kijitabu kilikuwa na picha: mti mmoja,
jua lenye rangi ya kiini cha yai,
na maneno, "Ekari kumi zatosha kumlea mtu."
Bibi yangu Almeda Prewitt alikisoma Aiowa,
dirisha limeganda, mume ana miezi minne kaburini.
Akauza ng'ombe. Akauza kinanda.
Saa ya ukutani hakuiuza;
alishuka nayo stesheni ya Kalifonia
ameipakata kama mtoto mwenye homa.

Alichokikuta ni upepo,
vigingi vyenye namba,
na wakala wa ardhi, Bwana Thaddeus Crill,
viatu vyake havijawahi kuonja tope.
"Mti wenyewe uko wapi?"
"Mti," akasema Crill, "utaupanda wewe."

Vipandikizi vililetwa na gari la nyumbu
kutoka ua wa misheni kongwe huko kusini,
vijiti vya urefu wa kiganja, vimeviringwa magunia mabichi,
havina jani, havina ahadi.
Mia saba. Alihesabu mara mbili.
Aliyemfundisha kuvichomeka ni Fong Yit,
aliyetandika reli ya bonde lote
na hakuna aliyemuuzia hata futi moja ya udongo.
Alisema machache: "Kisigino hapa. Kanyaga.
Siyo hivyo. Kanyaga."
Jina lake limo daftarini kila Jumamosi,
dola sita, dola sita, dola sita,
na mara moja tu: *Fong mgonjwa.
Nimempelekea supu. Hakuinywa.*

Mzeituni haujui riba.
Benki inaijua.
Mwaka wa kwanza, maboga katikati ya mistari.
Wa pili, maboga.
Wa tatu sungura walitafuna magome,
naye akaishonea miti soksi za gunia,
usiku, taa imefifishwa kubana mafuta.
Wa tano, jirani akang'oa yake yote akapanda pichi.
Wa saba, maua:
madogo, meupe, kama makombo mezani.
Alikimbia barabarani kuita watu.
Alipita mtu mmoja, mwuza sindano,
akatazama kwa adabu.

Mafuta ya kwanza aliyapeleka mjini, mapipa mawili.
Mwenye duka akamwonyesha chupa yenye picha ya Italia,
nusu ya bei yake.
Bibi akachovya kidole, akalamba.
"Hii ni mbegu ya pamba."
"Ni kweli, mama. Lakini inanunuliwa."

Ndipo tukaingia kwenye magadi.
Zeituni kutoka mtini ni chungu, huukunja uso mpaka kisogoni;
lazima ilowe, ioshwe, ilowe tena, ipigwe hewa,
igeuke nyeusi kama kiatu cha kanisani.
Nilikuwa na miaka tisa, nikikoroga kwa kasia.
Vidole vilipasuka. Bibi alivipaka mafuta yale
yaliyokosa mnunuzi.
Tukajaza makopo. Makopo yakauzwa.
Miaka mitatu tulikula nyama katikati ya wiki.

Kisha gazeti: karamu moja, mashariki,
zeituni za chupa, za kiwanda cha mbali,
na majeneza yamepangwa sebuleni.
Hazikuwa zetu. Nani aliuliza?
Makreti yalirudi kwa treni, hayajafunguliwa,
nauli juu yetu.
Kila jioni Bibi alikaa barazani, kopo mapajani,
akila moja moja wapita njia wakimwona,
akitema kokwa mbali, kwa ghadhabu.
Alikula hivyo majira yote ya baridi.
Hakufa. Haikusaidia.

Juzi kampuni iliyonunua ilileta wapimaji.
Miti mia sita tisini na tisa, wakasema,
na mashine ya kuitikisa inakuja Oktoba.
Sikubisha.
Ng'ambo ya reli, kwenye ukanda usio na mwenyewe,
pale kilipokuwa kibanda cha Fong,
uko mmoja, mnene kuliko yote.
Daftarini sijauona, wala kulipwa wala kuibwa.
Nilikwenda na ndoo.
Umezaa sana mwaka huu.