Kikombe cha Kuhesabia

Hatuwahesabu mmoja mmoja. Nani ana macho hayo?
Tunachota kikombe kimoja cha bati, tunamwaga kwenye karai,
tunawahesabu waliomo: mia na arobaini na wawili.
Baada ya hapo tunahesabu vikombe tu.
Vikombe ishirini na nane.
Afisa Shemhilu anaandika: elfu nne, kwa makadirio.
Yeye ndiye kalamu. Mimi ndiye mkono.

Masika yamekatika juzi,
bwawa la Kwembago limerudi kwenye rangi yake,
kabichi mtelemkoni bado zina umande,
na trauti wamo ndani ya mapipa matatu ya bluu
yaliyowahi kubeba mafuta ya alizeti,
pampu ya betri ikiwapulizia hewa,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Tulitoka nao kitaluni saa kumi alfajiri.
Mbwambo aliendesha kama aliyepakia mayai ya watu.
Tulipoipita Soni pipa moja likanyamaza,
halibubujiki,
nikalikumbatia kona baada ya kona, nikikoroga,
mkono ukafa ganzi mpaka begani.
Samaki hawakufa.

Hapa haraka huua.
Ndoo moja ya bwawa ndani ya pipa. Subiri.
Ndoo nyingine. Subiri.
Maji yazoeane na maji
kama wakwe wanaoulizana habari za mvua
kabla hawajaitaja mahari.
Ndipo tunainamisha.

Wanamwagika wote kwa pumzi moja.
Kisha hawaendi.

Wanabaki ukingoni, pua zimenielekea,
maana kwao kivuli kilichoinama ni chakula.
Miezi mitatu nimewalisha kwa mkono huu,
pumba na dagaa wa kusaga, mara sita kwa siku.
Kuogopa sikuwafundisha.
Haimo kwenye ratiba.

Jumamosi msimu unafunguliwa.
Watapanda wenye fimbo nyembamba na viti vya kukunja:
daktari wa meno kutoka Tanga mjini,
mhasibu wa bandari na shemeji yake,
yule mama mstaafu anayewabusu samaki kabla ya kuwarudisha.
Si watu wabaya. Wananiletea mikate.
Wanawafuata wa mwaka jana,
waliofika kiganja na nusu, wenye utepe wa waridi ubavuni,
wanne kwa kila kibali, risiti mkononi.
Na wa mwaka jana nao niliwalisha mimi.
Ndoana ikianguka majini, wao husikia mimi nimekuja.

Kibao kinasema: MAJI YA UMMA.
Chini yake, kwa herufi ndogo: hairuhusiwi bila kibali.
Hozza wa nyumba ya juu, darasa la nne,
aliniuliza umma ni nani.
Ana uzi wa kushonea magunia na pini aliyoikunja kwa jiwe.
Nilipaswa kumfukuza.
Nilimwambia aje wakati wa mvua, ukungu ukiwa mzito,
nami nitakuwa nimeangalia upande wa pili.

Sasa ni Ijumaa, jua limekwenda nyuma ya Magamba.
Shemhilu ameshuka na daftari lake.
Nimekata tawi la mkaratusi, refu kunizidi,
nimevua viatu, nimeingia mpaka magotini
kwenye baridi inayong'ata mifupa.

Wanakuja. Wakubwa mbele, wadogo nyuma,
wanakuja kwenye kivuli changu.

Napiga maji.

Napiga kushoto, napiga kulia, napiga penye kina,
tawi linavuma, matope yanapanda.
Kimbieni, watoto wa karai.
Mkono si mama. Kivuli si ugali.
Afisa akiniuliza nitasema nafukuza mdiria.
Wametawanyika, bwawa lote limekunjamana,
kule mbali kwenye matete nasikia mikia.

Mmoja hakwenda.
Amesimama kati ya miguu yangu, mdomo unafunguka, unafunga,
akisubiri.

Nikainua tawi tena.