Tabaka la Mawingu

Saa nane mawingu ya kweli hupanda kutoka ziwani,
nami niko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri pale Kibuye,
nachora mawingu ya uongo.
Tao, tao, tao, mpaka mstari urudi ulikoanzia:
wingu jekundu kuzunguka mlango mmoja
ili fundi asije akasema hakuuona.

Pembeni naweka pembetatu, ndani yake herufi.
A ilikuwa choo tulichokisahau.
B ni mlango.
C ni sakafu yote, na C ndiyo iliyotunyima usingizi.

Ngoja nieleze B.
Kituo cha afya kule Kano, wodi ya wazazi,
mlango wa leba milimita mia tisa, nilivyofundishwa chuoni.
Akaja mkunga, Perpetua Aloo, viatu mkononi kwa sababu ya tope.
Mchoro wangu hakuutazama hata kidogo.
Alinyoosha mikono: "Kitanda hiki hapa.
Mimi upande huu, mwenzangu upande ule,
na mama katikati anatutukana.
Haya, tupitishe kwenye mlango wako."
Nikanyamaza.
Elfu moja na mia mbili.

C ilishuka yenyewe.
Nyando ilivunja kingo usiku, mwezi wa nne,
na Mhandisi Wabwile akarudi na picha kwenye simu:
alama ya tope ukutani mwa shule,
na futikamba yake imening'inia kando.
"Inua sakafu. Mia sita."
Mtu husema mia sita kama anaagiza chai.
Ukiinua sakafu umeinua dunia:
ngazi zinaongezeka, madirisha yanafuata,
njia ya kiti cha magurudumu inarefuka hadi nje ya ua.
Nikazungusha mawingu kila mahali,
karatasi ikawa anga la masika.
Wabwile akacheka. "Onyesha kilichobadilika, dada.
Usinionyeshe woga wako."

Kanuni ni hii: toleo jipya likitoka, wingu la zamani liondoke.
Hubaki pembetatu,
na mstari mmoja katika jedwali, kona ya chini kulia:
herufi, tarehe, sababu, aliyechora, aliyekagua.

Leo natoa D. D ni bomba la maji ya mvua, kazi ya nusu saa.
Mawingu yangu yote nimeyaweka tabaka moja;
nabonyeza, anga linatakata.
Laiti watu wa Kano wangepewa kitufe kama hiki.

Mlango wa leba umebaki peke yake, safi,
kana kwamba ulizaliwa na upana ule,
kana kwamba hakuna aliyewahi kuupigania.
Perpetua alihamishwa Januari. Wengine wasema Mbita.
Nambari aliyotuachia hupokewa na mwanamume
anayeuza mbao Ahero, na amechoka nasi.

Jedwali hunipa nafasi arobaini za kueleza sababu.
Kwenye B nilikuwa nimeandika: Mlango umepanuliwa.
Nani aliupanua? Kwa nini? Jedwali halikuuliza.
Nikaongeza: kwa neno la mkunga P. Aloo.
Kompyuta ikakataa. Tano zimezidi.
Nikatazama "mkunga", nikakiweka kidole juu ya kitufe,
kisha nikakumbuka: pembetatu yenyewe imekaa mlangoni,
neno "mlango" ni la bure.
Umepanuliwa kwa neno la mkunga P. Aloo.
Thelathini na nane. Zimebaki mbili, nikaziacha zipumue.

Wabwile akaja kukagua kabla ya kuchapa.
Kalamu nyekundu ikateremka jedwalini,
ikasimama juu ya jina,
ikakaa hapo kwa muda wa kumeza mate,
ikapita.
Nikashusha pumzi.
Nje, matone ya kwanza yakagonga mabati ya duka.

"Na hili bomba jipya," akasema,
"mbona halina wingu?"