Daraja

Siku paroko wa Likoni alipotangaza
kwamba mwanangu atapewa Daraja Takatifu,
Mwasaru, jirani yangu wa benchi, alinigusa kiwiko:
"Afadhali yeye. Sisi letu la kuvukia
tunaahidiwa kila uchaguzi."
Tukacheka mpaka mama wa kwaya akatugeukia.

Leo sicheki.
Amelala kifudifudi mbele ya altare ya kanisa kuu,
paji la uso juu ya viganja,
na viatu tulivyonunua Mwembe Tayari
vinanionyesha soli. Moja bado ina kibandiko cha bei.
Litania inaimbwa juu yake:
Mtakatifu Stefano, utuombee,
Mtakatifu Laurenti, utuombee,
na mimi naona kila jina likimkanyaga mgongoni,
likipita, likielekea ng'ambo.
Ndiyo kazi ya daraja, kukanyagwa,
na anayevuka haulizi ubao umetoka mti gani.

Watakatifu Perpetua na Felisita.
Hapo sauti yangu ilikatika.

Perpetua Mkawasi, mke wangu,
alifia kwenye foleni ya feri, upande wetu wa Likoni,
saa tisa za usiku,
ndani ya ambulensi ambayo taa yake ilizunguka bure.
Feri moja mbovu. Ya pili tuliiona imetia nanga ng'ambo,
karibu kiasi cha kuhesabu madirisha.
Alitaka padre. Padre alikuwa kisiwani,
na kisiwa kilikuwa pale pale, kinatutazama.
Huyu alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Akamchora mama yake msalaba kwenye paji
kwa kidole kikavu, maana mafuta hatukuwa nayo.
Sikumuuliza amefundishwa na nani.
Sikumuuliza lolote, miaka mingi.

Sasa askofu anamwekea mikono kichwani.
Hakuna neno.
Nje, tuktuk inapiga honi Barabara ya Nkrumah.
Wanafuata mapadre, mmoja mmoja,
mikono ya vijana, mikono ya wazee inayotetemeka;
nilihesabu hadi arobaini nikapotea.
Miaka thelathini na mmoja niliendesha kreni Kilindini,
nimeshusha makontena ya vioo, ya dawa, ya mchele.
Sijaona mzigo ukishushwa polepole namna ile.

Niseme na hili, maana linanikaa kooni:
nilimpa jina la baba yangu, Mwadime.
Kwa desturi yetu Wataita
mwanawe wa kwanza angekuwa mimi.
Basi mimi sitaitwa tena uani,
"Righa, njoo ule, Righa, acha mbuzi."
Aliponiambia anakwenda seminari
nilitoka nje nikakoroga saruji ya ukuta
ambao haukuhitaji kujengwa.

Viganja vinapakwa krisma,
vinafungwa kwa kitambaa cheupe.
Kitambaa hicho hupewa mama, azikwe nacho,
akifika mlangoni aonyeshe amezaa nani.
Nilikuwa najiuliza atampa nani.

Alinifuata uani, kasula ikimpwaya mabegani,
akaniwekea mkononi.
"Utampelekea," akasema,
kama ananituma dukani.
Kilinukia zeituni na kitu nisichokijua.

Nikapiga magoti kwenye kokoto.
Magoti yangu si mazuri. Mwasaru alinishika kwapa.
"Nibariki, Baba," nikasema,
na watu wakafuta machozi, wakidhani nimeanza leo.
Nimemwita Baba tangu ana siku saba,
analia, amebeba jina la mzee wangu.

Kidole kikagusa paji langu. Ni kile kile.
Kilikuwa kinateleza.

Nilivuka na feri ya saa mbili,
kitambaa mfuko wa ndani wa koti.
Foleni ilikuwa ndefu. Watu walilalamika.
Mimi sikuwa na haraka.